Niliwashawishi watu wa Goma wapishe laini ya umeme, laini haikuwawashia hata taa

Wakuu, salaam kutoka Goma. Naishi Majengo. Haya nimeyafanya kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Huku kwetu ilijengwa laini ya high voltage kuunganisha gridi yetu na za nchi jirani. Nchi zenye umeme wa maji na zenye wa jua zigawane, mmoja akipungukiwa mwingine amjazie. Wazo zuri, sina ugomvi nalo.

Mkandarasi alinichukua niwe mkalimani. Mainjinia wanasema Kifaransa, mimi nawageuzia wakaaji Kiswahili na Kihunde. Walinipa karatasi ya kusoma. Iliandikwa wazi kwamba wanaopitiwa na laini watapata umeme.

Nikaisoma nyumba kwa nyumba.

Wa kwanza kukubali alikuwa Papa Bahati, muzee wa Masisi mwenye mashine ya kusaga mihogo pembezoni mwa mji. Alikata mikaratusi yake yote kupisha nguzo.

Halafu, kwa kuniamini mimi, akauza injini ya mazuti, yaani ya dizeli, akanunua mota ya umeme. Hapo ndipo panaponiuma.

Laini ikaisha. Wakubwa wakaja, wakakata utepe, wakaenda zao. Nyaya zinanguruma juu ya bati la muzee, mota imefunikwa turubai, akina mama wanabeba mihogo mpaka mtaa wa pili.

Nikaenda naye ofisini. Injinia, kwa upole kabisa, akatueleza kuwa laini ile ni ya nchi na nchi. Umeme mkubwa namna ile haushuki bila kituo cha kupoza umeme na transfoma, na mtaa wetu haumo kwenye plan.

Nikamtolea karatasi yake. Akaisoma yote.

"Hii ilikuwa ya sensibilisation tu, kuhamasisha watu," akasema.

Yaani uongo nao una cheo ofisini!

Njiani muzee akaniuliza, "Weye ulikuwa unajua?"

Nikamwambia hapana.

"Basi useme vile mbele ya batu."

Jumapili baada ya misa nikasimama nikasema. Nilitukanwa. Nilistahili.

Baadaye wafanyakazi walirudi kufyeka chini ya nyaya, wakaaji wakafunga njia. Injinia akaniita nitafsiri. Akamnong'oneza mwenzake kwa Kifaransa, "Waahidi chochote, tumalize kazi."

Nikalitafsiri na hilo, kwa sauti.

Waliondoka bila kukata tawi. Mimi kibarua kiliota nyasi palepale. Transfoma hatujaiona mpaka leo, ila sasa hakuna mtu wa laini anayepita pale bila kufungua plan mbele ya Papa Bahati.

Nilichojifunza: kabla hujatoa shamba lako, waambie wakuwekee kidole kwenye mchoro, transfoma yako iko wapi. Wakibabaika, usikate mti.

Wakuu mnaopitiwa na laini za namna hii, Kenya, Tanzania, Zambia, kwenu umeme ulishuka? Semeni ukweli, muzee ananiuliza kila siku.