Gia ya Nne

Mguu wangu wa kushoto haujawahi kukanyaga klachi, na sikusudii uanze sasa. Polio ilinipata kabla sijaanza shule, huko kwetu Kola, ikaniachia mguu mwembamba unaovaa chuma kutoka pajani hadi kwenye kiatu. Wa kulia ni mzima. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za kuhurumiwa. Nasimulia habari za pikapu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na duka la vyakula vya mifugo mjini Machakos, karibu na soko. Magunia niliyachukua kwenye kiwanda cha kusaga huko Mavoko, na wateja wangu wengi walikuwa wafugaji wa Kola na vijiji vya njiani. Mwenye gari alikuwa ndugu yangu mkubwa. Alikuwa na pikapu ya petroli, ya gia za mkono, aliyoiendesha hadi usukani ukang'aa kama sahani. Alinibebea mizigo siku aliyotaka yeye. Akiwa na matanga, magunia yalingoja. Akiwa na mechi ya kutazama, kuku wa watu walilala njaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye gari, na mimi, dada yake, sikuwa na gari, na kila mmoja wetu alijua nafasi yake.

Nilikwenda shule ya udereva. Mwalimu alinitazama nikishuka ngazi mbili za ofisi yake, akaniambia kwa upole kwamba gari lina pedali tatu na mimi nina mguu mmoja, kwa hivyo hesabu imekataa. Nilimshukuru, nikaenda zangu.

Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja wa hospitali ya mjini, mteja wangu wa chakula cha kuku. Alikuwa na gari dogo la otomatiki, lisilo na klachi kabisa. Pedali mbili tu, mafuta na breki, zote za mguu wa kulia. Siku aliyoniambia hivyo dukani nilimfanya arudie mara ya pili. Kwa Jumamosi kadhaa tulizunguka uwanja wa mpira wa shule fulani hadi nikaweza kurudi nyuma kati ya mawe mawili bila kuyagusa. Nilipofanya mtihani nilipita mara ya kwanza. Ndugu yangu alipita mara ya tatu, na hilo nilimkumbusha si mara moja.

Kisha nikatafuta pikapu ya namna hiyo. Watu walinicheka. Gari dogo la otomatiki lilikuwa jambo la kawaida, la akina mama wa Nairobi, lakini pikapu ya kubeba mzigo bila gia za mkono? Nilingoja karibu mwaka mzima. Hatimaye nikaipata moja, kuukuu, iliyotoka Japani, si kubwa wala ndogo, nyeupe, ya petroli. Mwenyewe alikuwa akiiuza kwa sababu, alisema bila kunificha, ilikuwa inakunywa.

Ilikunywa kweli. Wiki ya kwanza nilikwenda Mavoko na kurudi nikiwa nimebeba magunia ishirini, na petroli iliyoingia ilizidi kwa karibu nusu ile ambayo ndugu yangu alitumia kwa safari hiyohiyo. Habari ilienea sokoni haraka. Wabeba mizigo waliniuliza kama pikapu yangu imekunywa chai asubuhi. Mwenye duka la mbolea jirani yangu alinishauri niiuze kabla haijanimaliza. Kila mmoja alikuwa na shauri, na mashauri yote yaliishia mahali pamoja: otomatiki ni starehe, si kazi.

Ndugu yangu alikwenda hadi Kola kuongea na mama. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alinitumia ujumbe niende Jumapili baada ya kanisa. Nilikwenda kwa pikapu yenyewe. Ndugu yangu alieleza mpango wake kwa utulivu. Kulikuwa na fundi mjini aliyekuwa na gia boksi ya mkono ya pikapu kama yangu. Angeitoa ile ya otomatiki, aweke hiyo, na shida ya mafuta ingekwisha. Nikauliza nani angeendesha. Akasema yeye yupo. Mama aliniwekea tu muthokoi zaidi kwenye sahani, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ninayoyapenda, na sikujua kama hiyo ilikuwa kunipongeza au kunifariji. Nilisema nitafikiria. Hilo lilikuwa kosa langu, maana ndugu yangu alilisikia kama ndiyo.

Jumatano iliyofuata nilipeleka pikapu kwa fundi huyo abadilishe oili ya injini tu. Nilikwenda dukani, nikarudi saa nane. Nikakuta imeinuliwa juu ya mawe, fundi yuko chini yake na spana, na pembeni, juu ya gunia, gia boksi ya mkono imesafishwa kwa petroli inangoja. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye tairi akinywa soda.

Fundi alitoka chini akitabasamu. "Mama, kesho utakuwa na gari ya maana."

Nilimuuliza nani amemwambia afungue gari langu. Akamtazama ndugu yangu.

"Mwiitu wa mwaitu," ndugu yangu akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita akitaka kunibembeleza, binti wa mama yetu. "Hii gari inakumaliza. Tukiweka gia za mkono, mimi nitakuendesha popote unataka."

"Na siku hutaki?"

Wanaume wa gereji za jirani walikuwa wameacha kugonga vyuma ili wasikie.

"Hiyo gia boksi weka kwa gari ingine," nikamwambia fundi. "Rudisha kila nati mahali ilikuwa. Mimi nitakaa hapa nione."

Nilikaa kwenye lile tairi baada ya ndugu yangu kuondoka kwa hasira. Bahati ilikuwa upande wangu, kwa kuwa fundi alikuwa amelegeza boliti chache tu. Alizirudisha moja baada ya nyingine. Saa kumi na moja niliondoka pale nikiendesha mwenyewe, na sikumpungia mtu mkono.

Lakini ukaidi haupunguzi petroli, na hilo nililijua. Nyumbani nilifungua kijisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, nikatoa kitabu cha gari. Kilikuwa cha Kijapani chote. Nilikiweka juu ya meza nikawa napitia picha moja baada ya nyingine, kama anavyofanya mtu asiyejua kusoma. Katika ukurasa mmoja palikuwa na picha ya gari linalopanda mlima, na chini yake gari lingine kwenye barabara tambarare. Kando ya kila picha walichora ile fimbo ya gia, ikiwa na kitufe kidogo ubavuni. Kwenye mlima kitufe kilikuwa kimetoka na taa ndogo inawaka. Kwenye tambarare kilikuwa kimebonyezwa na taa imezimika.

Niliitambua taa hiyo. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ina herufi O na D, na tangu siku niliyonunua pikapu ilikuwa ikiwaka pale kwenye dashibodi. Muuzaji aliniambia ni ya kuonyesha kwamba gari ni otomatiki. Mimi nikaamini. Hata fundi aliamini.

Asubuhi nilishuka hadi makutano ya Kyumvi, nikaingia barabara kuu ya Mombasa kuelekea Mavoko. Barabara ni wazi pale, tambarare, nyasi pande zote. Nilikuwa nimezoea mlio wa injini katika sehemu hiyo, mlio wa juu, wa kitu kinachokimbizwa. Nikabonyeza kitufe. Taa ikazimika. Kwa muda wa pumzi moja hakuna kilichotokea, kisha gari likashusha sauti lenyewe, kama mtu aliyekuwa akipiga kelele akagundua kwamba anasikika. Mwendo ulikuwa uleule. Injini tu ndiyo iliyoacha kuhangaika. Ilikuwa imeingia gia ya nne. Miezi miwili mizima nilikuwa nimeendesha kwa gia tatu, na mwenye gari aliyenitangulia labda miaka.

Nilisimama kando ya barabara nikacheka peke yangu. Halafu nikakasirika, maana nilifikiria jinsi tulivyokaribia kuitupa gia boksi nzima kwa sababu ya kitufe.

Sikumwambia ndugu yangu upesi. Kwa mwezi mmoja nilijifunza. Niligundua kwamba kwenye milima ya kwenda Kola, nikiiacha gia ya nne ikiwa wazi, gari lilikosa uamuzi. Liliingia ya nne, likashindwa na mzigo, likarudi ya tatu, tena na tena, na petroli ikapotea katika kubadili huko. Kwa hivyo kupanda nilifunga ya nne, tambarare nikaifungua. Nilijifunza pia kukanyaga mafuta taratibu, na kuachilia kidogo mguu pale nilipotaka ipande gia. Pikapu inayojibadilishia gia nayo inataka dereva.

Ndipo nikamwita ndugu yangu tushindane. Alikubali kwa furaha. Tulijaza matangi yote mawili hadi mdomoni kwenye kituo kimoja cha petroli mjini, tukaenda Mavoko tukifuatana, tukapakia magunia ishirini kila mmoja, tukarudi. Pampu ileile, mhudumu yuleyule, akijaza hadi petroli ionekane kwenye shingo ya tangi. Ya ndugu yangu ilichukua lita kumi. Yangu ilichukua kumi na moja na kidogo.

Watu watatu wanne walikuwa wamekusanyika. Ndugu yangu aliisoma pampu mara mbili. Najua alikuwa ametarajia kumi na tano.

"Bado yako imekunywa zaidi," akasema.

"Lita moja," nikamjibu. "Hiyo lita ndiyo klachi yangu. Nitainunua kila safari mpaka nizeeke, na sitaki mtu anisikitikie."

Sijui kama alikubali kwamba nimeshinda. Kwa hesabu ya pampu, sikushinda. Alifunga kifuniko cha tangi langu yeye mwenyewe, akakikaza sana, akasema ana kazi. Hakuizungumzia tena ile gia boksi ya mkono, wala mimi sikumwomba anibebee gunia hata moja tangu siku hiyo. Krismasi tulikula pamoja kwa mama kama kawaida. Alisema tairi zangu za nyuma zimekwisha, na alikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku kutoka Kivaa, upande wa Masinga, kilinitumia salamu. Wenye magari wa mjini walikuwa wamekataa kuwapelekea chakula cha kuku kwa sababu ya barabara. Nilikwenda. Baada ya Matuu lami iliisha, ikawa mchanga na mawe, na kwenye mteremko mmoja mrefu niliivuta fimbo hadi gia ya pili, injini ikashikilia mzigo wote na breki zikabaki baridi. Nilipofika na kushuka, mwenyekiti wao alizunguka pikapu hadi upande wa abiria akimtafuta dereva. Alipoona kiti kitupu alinirudia, akatazama chuma cha mguu wangu, akatazama magunia. Halafu akawaita wenzake waje kushusha.

Walinipa uji na mayai ya kuchemsha. Wakati wa kuondoka mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa akienda kumwona binti yake, aliomba lifti hadi Matuu. Mwanzoni alishikilia mpini wa mlango kwa mikono miwili, akiangalia mguu wangu mmoja ukifanya kazi yote. Tulipofika kwenye lami nilibonyeza kitufe, taa ikazimika, pikapu ikatulia. Nilipogeuka kumwambia kitu, alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, na hakuamka hadi nilipomgusa bega stendi ya Matuu.