Wali wa Alfajiri Phnom Penh

Siku tuliyogombana tulikuwepo wanne jikoni kwetu Peckham, London: mimi Furaha, mdogo wangu Bahati, kitinda mimba wetu Neema, na Patrice, mchumba wake. Neema alikataa kuolewa kabla hatujaondoa matanga ya baba na mama, waliopotea vitani tulipokimbia Bukavu. Mimi mkubwa ndiye wa kuamua, na miaka yote nilisema hapana. Matanga bila mwili, bila kaburi, ya nini?

"Yaya, unangoja wagonge mlango?" Bahati aliniuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nilikata tikiti kwenda kwa Sophea.

Sophea alikuwa jirani yetu na mwenzangu katika kazi ya usafi. Nilipoacha shule nikaingia kazini, yeye ndiye aliyewapikia wadogo zangu na kuwalaza. Mumewe na wanawe watatu walipotea zamani katika maafa ya nchi yake, Kambodia, naye hakuonyeshwa kaburi hata moja. Sasa alikuwa amerudi kuishi kwao. Nilitaka kumwuliza amewezaje.

Kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, Neema alinikumbatia, akaniambia kwa Kiingereza nimwambie Shangazi Sophea kwamba supu yake bado haina mpinzani.

Nilibadili ndege Bangkok, na mchana nikatua Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Sophea alinipokea kwa kelele.

"Mbona umekonda? London chakula kimekwisha?"

"Mpishi alihama."

Tulipanda kigari kinachovutwa na pikipiki. Alinieleza jinsi askari walivyowatoa watu wote mjini, yeye akiwa mama kijana, mji ukabaki milango wazi. Nikautafuta mji huo nisiuone. Kwenye pikipiki moja niliona baba, mama, watoto wawili na kioo cha dirisha. Kando ya mto, wazee walifanya mazoezi kwa muziki wa kipaza sauti, bila aibu.

"Hapa niliporudi mara ya kwanza palikuwa na majani hadi kiunoni," alisema, akinionyesha duka la keki lenye foleni.

Jioni tulifinyanga matonge ya wali wenye ufuta. Zilikuwa siku zao za kuwalisha marehemu.

Alfajiri, giza bado, tulizunguka hekalu peku kwenye madimbwi ya mvua. Kila mtu alikuwa akitupa wali chini. Mimi niliyewalea wadogo zangu kwa kukwangua sufuria, mkono ulikataa. Tonge likaingia kinywani.

"Furaha! Umekula chakula cha mume wangu!" Sophea alicheka hadi mshumaa ukazimika. Bibi mmoja nyuma yetu naye akaangua kicheko.

Alinipa tonge jingine. "Tupa."

"Nitupe wapi? Sijui walipo."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana tunatupa popote. Wataje."

"Mushagalusa," nikasema. "Nabintu." Wali ukaanguka. Sikuwa nimeyatamka majina hayo ya baba na mama tangu Bukavu.

Sophea aliwatupia wanawe, Dara, Vanna na Mealea, kisha akawatupia wazazi wangu, akiwaita kwa lafudhi yake.

"Kila mwaka watakula pamoja na wangu," alisema.

"Nami nikufanyie nini?"

"Mwoze Neema. Yule ni mtoto wangu pia."

Niliporudi, Bahati alinipokea uwanjani. Kabla hajachukua sanduku nilimwambia, "Tafuta ukumbi."

Tuliondoa matanga katika ukumbi wa Thornton Heath, kwa nyimbo na sufuria kubwa za wali. Niliwaeleza waliokuja kwamba nimeona mji ambao haukuwangoja wafu wake ndipo ufungue maduka, wala haukuacha kuwalisha. Kisha nikawataja baba na mama. Nikaongeza: Dara, Vanna, Mealea.

"Hao ni wa ukoo gani?" mzee mmoja akauliza.

"Ndugu zetu," Neema akajibu.

Aliolewa mwaka ule ule. Sophea aliwalea watoto wa mama yangu hadi wakawa watu wazima. Mimi wanawe nimewataja tu, mara moja, ukumbini. Bado nadaiwa.