Binti Mwema wa Kitabuni

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani kwa dada yangu, Gaithersburg, Marekani, bila kujua niendako. Miaka miwili nilikuwa nikimuuguza mama yetu pale, nikachoka. Mkobani nilikuwa na riwaya ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, niliyoisoma polepole kwa kuwa shule niliiacha mapema. Humo binti anamtunza baba yake mgonjwa bila kunung'unika, na wote wanamsifu wema wake. Hakuna ukurasa hata mmoja anapobadilisha shuka.

Mabasi yalinifikisha mji wa Adelphi, kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Alinipa chai, lakini ufunguo akaufumbata kiganjani.

“Kwenu banajua uko wapi?”

“Bado, mama.”

“Basi piga simu kwanza. Miye sipokeake mutu mwenye banamutafuta.”

Nikapiga. Nilitegemea matusi. Dada aliuliza tu kwa sauti ya uchovu, “Mama amekataa uji. Wewe humfanyaje?”

“Mpe kijiko akishike mwenyewe. Nitakuja Jumamosi.”

Mwenye nyumba akauweka ufunguo mezani. Nikaingia chumbani, nikaketi kitandani, nimechoka vilevile.