Siku Mwalimu Alipopanda Kigari

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu uwanja wa ndege. Alikuwa anaenda kusoma mbali, na mimi nilibaki nimeegemea uzio, miguu imevimba kwa kusimama tangu asubuhi. Ndege ilipowasha injini, sauti ilianza kama mluzi mwembamba, ikapanda, ikawa ngurumo. Mama mmoja kando yangu aliziba masikio. Mimi niliyatega yangu. Mungu anisamehe, kwa muda ule sikumwaza binti yangu. Nilikuwa mtaani kwetu Mutakura, nina miaka kumi na miwili.

Mutakura yetu ya wakati ule, rafiki yangu, ilikuwa vumbi na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa kwa mawese. Bibi ndiye aliyenilea. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji kutoka bombani kwa kigari kidogo cha mbao, magurudumu yake rulma, zile beringi za chuma, zilizotolewa kwenye magari mabovu. Kilipiga kelele hadi mtaa mzima ukajua nimetoka.

Jirani yetu, niliyemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa fundi wa injini za ndege. Kila siku alirudi mchana, ovaroli inanuka mafuta, akaketi kibarazani kwetu kungoja chai. Sikumbuki siku niliyomwona hajachoka. Masikio yake yalishaanza kufa kwa kelele za kazi, kwa hiyo aliongea kwa kupaza sauti, na bibi alimjibu kwa sauti kubwa zaidi, ungedhani wanagombana. Huku akipuliza chai, alinieleza jinsi injini inavyovuta hewa mbele, inavyoikandamiza, inavyoichanganya na mafuta na kuwasha moto, na jinsi hewa hiyo ya moto inavyozungusha mapanga ndani kabla ya kutoka nyuma kwa kasi. Nguvu inayoisogeza ndege aliiita *poussée*, yaani msukumo.

Shuleni, mwalimu alitufundisha kwamba moshi wa ndege unasukuma hewa iliyo nyuma, kama mtu anayesukuma ukuta. Nikanyoosha mkono, nikasema si hivyo.

“We mutoto, nani alikufundisha ile?”

“Ni jirani yetu, mwalimu.”

“Basi usirudi hapa bila yeye.”

Ilibaki wiki moja tufanye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nililia njia nzima. Bibi aliposikia alitaka kunichapa, halafu akamgeukia fundi, aliyekuwa kibarazani na chai yake. “Umeniharibia mutoto!” Fundi alifunga macho kidogo, nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia, “Kesho lete kigari.”

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, tukaenda shuleni na kigari. Alimsalimia mwalimu kwa mikono miwili, kwa heshima, akamwomba akae kwenye kigari, juu ya saruji laini ya veranda ya darasa. Akampa nusu tofali. Nyuma ulikuwa uwanja mtupu.

“Tupa nyuma, kwa nguvu.”

Mwalimu alitupa, na kigari kikateleza mbele. Hakuna aliyethubutu kucheka.

“Tofali imegusa ukuta?”

“Apana,” alisema mwalimu.

“Wakati imeanguka chini, we ulikuwa umekwisha kusogea. Ni kule kutupa ndiko kumekusukuma. Injini inatupa hewa, hewa nayo inasukuma injini.”

Akamtupisha tena, mara tofali zito, mara dogo kwa kasi. Alisema msukumo unapanda ukitupa hewa nyingi zaidi, au ukiitupa kwa mbio zaidi. Lakini kwa msukumo uleule, kutupa hewa nyingi polepole kunakula mafuta kidogo, ndiyo maana injini mpya zina feni pana mbele, na hewa nyingi inapita pembeni bila kuungua. “Musiulize tu injini ina nguvu gani,” alituambia. “Muulize inakunywa mafuta kiasi gani kwa kila nguvu inayotoa. Ile tunaita *consommation spécifique*.”

Mwalimu aliinuka, akajipangusa vumbi la matofali. Tulingoja hasira yake. Akatugeukia, watoto hamsini, akasema, “Nilikosea. Futeni ile ya jana.” Kisha akaniambia nirudi mahali pangu.

Nilifaulu mtihani. Niliapa nitakuwa fundi wa injini. Lakini bibi alipooza upande mmoja nikiwa namaliza sekondari, hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani, na baadaye nikapata kazi ya makaratasi ofisini mjini, ninayoifanya mpaka leo. Mwalimu alihamishwa, sikujua wapi. Kibaraza chetu kilibomolewa, pamesimama ghorofa la watu nisiowajua. Ndege zikipita juu ya Mutakura, watoto hawainui hata vichwa.

Fundi mwishoni hakusikia kabisa. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa juani, amekonda. Aliniuliza, kwa sauti yake ileile kubwa, “Na injini, utaanza lini?” Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nina mtoto mgongoni. Nikamjibu polepole, ili asome midomo yangu, “Mwaka ujao, tonton.”

Aliitazama midomo yangu mpaka nikamaliza, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeamini.