Volti Ishirini na Tisa za Amour Shaame

Mwaka 1986 sabuni, sukari na subira vilikuwa vimeadimika Tanga nzima. Kilichokuwa kikiongezeka ni kimoja tu: umeme wa Amour Shaame.

Amour alikuwa Mpemba, fundi redio wa Chumbageni. Chuo kikuu kingemfundisha kuwa jambo lake haliwezekani. Kwa bahati njema hakupita hata langoni. Alisuka koili za waya wa shaba, akaziunga na betri ya gari, kisha akapima zinachotoa kwa mita ya tarakimu aliyopewa na baharia. Zinaingia volti kumi na mbili, zinatoka kumi na tano. Wiki ya pili, kumi na tisa. Wiki ya nne, ishirini na tisa.

"Hizo za ziada zatoka wapi?" aliuliza mkewe, Thuwaiba.

"Hewani."

"Basi huko hewani waulizie na mafuta ya kupikia."

Thuwaiba alimpa muda hadi Idi Mosi. Awaonyeshe watu, japo mmoja aikubali kazi yake. La sivyo vyombo viuzwe, warudi Wete wakachume karafuu za baba mkwe. Amour akaapa mbele ya shemeji yake. Karafuu alizikimbia tangu ana miaka kumi na saba.

Siku ya Idi baraza ikajaa. Manase, makanika Mlutheri wa shamba la mkonge, alikuja na zawadi ya sikukuu: betri ndogo ya mita, kutoka bidhaa za nje zilizoanza kuruhusiwa.

"Mita yako ina alama pale pembeni," alisema. "Maana yake betri yake inakufa. Ikifa hivyo, husoma juu."

"Mie nikadhani nembo ya kiwanda."

Wakabadilisha. Mita ikasoma kumi na moja na nusu.

"Kumbe umeme umepungua hata ule uliouweka," alisema Semeni, muuza kahawa.

"Na betri ya gari hukuipima kwa mita hiyo hiyo?" Manase aliuliza taratibu. "Ungeona nayo imepanda."

"Imeandikwa kumi na mbili ubavuni. Nipime kilichoandikwa?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti; ni Idi. Amour akachomoa waya. "Nimekosea, jamani. Mita ilikuwa yaweweseka, nami naandika wasia. Vyombo nauza."

Manase alikuwa bado kashika koili, akiipitishia ukucha mzunguko kwa mzunguko.

"Nani kaisuka hii?"

"Mie."

"Kwa mkono?"

"Kwani kwa mguu?"

"Nina mota tatu za korona, mashine ya kuchakata mkonge, zimeungua. Mkonge unaoza shambani miezi minane, kisa hatuna msukaji. Kazi kama hii sijaiona."

Shemeji akakohoa, kumkumbusha dada yake sharti. Thuwaiba akamgeukia.

"Nilisema japo mtu mmoja aikubali. Huyu si mtu?" Kisha kwa Manase: "Wazileta lini?"

Jumatatu trekta likashusha mota ya kwanza mlangoni. Amour akaifungua, akaketi chini, akaanza kuhesabu mizunguko ya waya ulioungua, mmoja mmoja, kabla hajaukata.