Fundi na Vidonge vya Kifafa

Mtaani walimwita Fundi tu. Alishona sare za shule katika chumba kimoja, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia. Mumewe alikuwa kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, akirudi mara moja kwa mwaka. Zaidi ya mume huyo, hakuna aliyejua kwamba Fundi ana kifafa tangu usichana wake, na kwamba humeza kidonge asubuhi na jioni. Miaka sita hakuanguka. Hakuwa na shoga. Shoga huingia mpaka nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia kuna dawa.

Akiwa na miaka thelathini na saba akashika mimba. Akafurahi peke yake, simu ya mumewe haipatikani.

Kliniki nesi alimwuliza, "Unatumia dawa yoyote?"

Nyuma yake benchi lilijaa wanawake. "Situmii," akajibu.

Ukutani palikuwa na tangazo: mjamzito asimeze dawa bila ushauri. Alilisoma mara tatu. Alipofika nyumbani akavifunga vidonge kwenye kitambaa, akavisukumia uvunguni. Badala yake akashika kopo la vitamini alilotumiwa na wifi yake. "Zidisha," wifi alimwambia kwenye simu, "unakula kwa wawili." Naye akazidisha.

Siku ya tisa bila vidonge, mchana, akikunja pindo la sketi, alisikia harufu ya mpira unaoungua, na hakuna kilichoungua. Alipozinduka alikuwa sakafuni, ulimi umeng'atwa, uzi umemzonga mkono. Redio bado inaimba. Wateja walikuwa wamebisha, wakaacha vitambaa vyao mlangoni, wakaenda zao. Alibaki pale chini, kiganja tumboni, akingoja kitu kicheze. Mimba ilikuwa changa mno kucheza.

Kesho yake alirudi kliniki na kopo lake, akaomba mlango ufungwe.

"Nilikudanganya, dada," akamwambia nesi. "Nina kifafa. Niliacha dawa nisimdhuru mtoto."

"Na kuacha ulishauriwa na nani?"

Fundi akaliweka kopo mezani. Nesi akamwita daktari.

"Zipo dawa za kifafa zisizomfaa mtoto," daktari alisema, "lakini kuanguka nako ni hatari kwenu wote wawili. Usiache wala usibadili mwenyewe. Tutakupa inayofaa, pamoja na vidonge vya foliki asidi vya kumkinga mtoto, na tutakufuatilia."

Nesi akaligeuza kopo, akasoma. "Hili weka kando. Vitamini A ikizidi yaweza kumlemaza mtoto. Nyumbani unakaa na nani?"

"Sina mtu."

"Mficha uchi hazai, mwenzangu. Mwambie hata jirani mmoja."

Alimwambia Mama Pacha wa chumba cha pili. "Maskini! Na mkasi mkononi!" Mama Pacha akashika mdomo. Tangu siku hiyo pacha wake hawakuja tena kuokota vipande vya vitambaa. Lakini kila mchana mama yao aligonga ukuta mara moja, na Fundi akagonga kujibu.

Hakuanguka tena. Alijifungua binti, mzima. Vitanda vya jirani vilizungukwa na mashangazi na mabibi. Fundi alihesabu vidole vya mwanawe, kumi vya mikono, kumi vya miguu, akatazama huku na huku apate wa kumwonyesha, kisha akaanza kuhesabu upya.

Mumewe alifika mtoto akiwa na siku kumi na nane. Alisimama mlangoni na mkoba wake, hajui aingie au aombe ruhusa.

"Ingia," Fundi akasema. "Nawa mikono kwanza."