Silinda ya Nadine

Verlin Stucky alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, na watu wa upande ule wa Kansas walimwamini kwa chochote chenye nati. Ndiyo maana bastola yake ilimkera kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukifungua.

Ilikuwa bastola ya silinda, inayobeba risasi sita. Marehemu baba yao aliwanunulia yeye na dada yake Nadine kila mmoja ya kwake, aina moja, duka moja, siku moja. Walizeeka wakishindana nazo. Kila kiangazi kilabu cha shabaha kiliandaa mashindano ya kuangusha sahani za chuma, na kila kiangazi Nadine alimshinda mdogo wake, kisha akamnunulia kipande cha pai cha kumpoza. Pai ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mwaka ule Nadine aliteguka mkono akifunga geti la ng'ombe. Verlin alimpa pole ya dhati, lakini akiwa njiani kurudi nyumbani alijikuta akipiga mluzi. Kikwazo kilichobaki ni silinda ya bastola yake mwenyewe. Meno yanayoizungusha yalikuwa yamelika, na tundu moja halikufika sawasawa nyuma ya mtutu. Alitafuta mpya kila mahali akakosa. Aina ile ilikuwa haitengenezwi tena. Basi akamwendea dada yake.

"Niazime silinda yako, dada."

"Silinda, au bastola nzima?"

"Silinda tu. Kifyatulio chako kigumu kama pampu ya kisima."

"Kigumu, lakini kinakushinda kila mwaka," Nadine alisema, akaifungua kwa mkono mzima. "Chukua. Irudi kama ilivyo, umesikia?"

"Mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Verlin alidhani ni kazi ya dakika chache. Silinda iliingia vizuri, ikazunguka vizuri, na alipokwenda nayo uwanjani ikapiga vizuri mpaka ilipopata joto. Hapo ikaanza kukwaruza kitako cha mtutu, ile ncha yake ya nyuma, halafu ikagoma kabisa, naye amesimama mbele ya sahani akivuta kifyatulio kama mtu anayeng'oa jino. Alirudi akaifungua upya. Akabadilisha mkono unaoshika silinda, akabadilisha kijino kinachoisukuma, akarudisha vya kwanza, akachanganya. Kila alichorekebisha kiliharibu kingine. Twila, mke wake, alimletea bieroki za moto, mikate yake ya nyama na kabichi, akazikuta baadaye zimepoa kando ya makopo ya mafuta.

"Si zinafanana hizo bastola?" aliuliza.

"Kwa sura," Verlin alijibu bila kuinua kichwa. "Ndani kila moja ina ukaidi wake."

Silinda ya Nadine ilikuwa ndefu kuliko yake, kiasi cha unywele. Angeweza kukata kitako cha mtutu wake. Lakini mtutu ulikuwa wake, na alitumaini ipo siku atapata silinda mpya. Aliwaza hivyo huku mkono ukiwa tayari umeshika jiwe la kunolea. Akausugua uso wa mbele wa silinda ya dada yake, taratibu, akiupima kila mara. Bastola ikawa laini kama siagi. Alifurahi hadi Alhamisi, Nadine alipopiga simu.

"Daktari kanifungua bandeji. Lete silinda yangu, Jumamosi napiga."

Aliipeleka. Aliifunga mwenyewe kwenye bastola ya Nadine, akiomba moyoni isionekane. Nadine aliinua bastola dirishani, akachungulia, na mwanga ukapita kati ya silinda na mtutu kama chini ya mlango mbovu.

"Verlin. Umeikata."

"Kidogo tu."

"Hii sasa itatema moto pembeni. Msimamizi wa mashindano hataniruhusu hata kusimama mstarini. Kwa nini hukukata mtutu wako?"

Verlin akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Ulinihesabu nimekufa," Nadine alisema, bila kupaza sauti.

"Dada, sikuwaza hivyo."

"Hukuwaza kabisa. Irudishe kwenye yako, maana ndiko inakokaa sasa. Jumamosi tutaitumia sote wawili."

Ndivyo walivyofika uwanjani na bastola moja. Upepo ulivuma tangu asubuhi. Verlin alipiga, akaifuta, akampa dada yake. Nadine akakaza skrubu ya springi mpaka kifyatulio kikawa kigumu alivyozoea, akapiga, akamrudishia ilivyo. Verlin akailegeza, mara ikalegea mno, na nyundo ikagonga risasi bila kuilipua, sahani mbili zikabaki zimesimama zikimtazama. Walibishana juu ya skrubu ile siku nzima. Watu wa kilabu walisogeza viti karibu ili wasikie.

Nadine alimshinda tena, ingawa mkono ulimuuma na wengine wengi waliwapita wote wawili. Jioni aliiweka bastola ndani ya mkoba wake, akaufunga.

"Hiyo si ni yangu?" Verlin alisema.

"Silinda ni yangu. Ukitaka kuifungua tena, njoo nyumbani kwangu, uifungue nikiwa nimekaa hapo hapo."

Akawasha gari, akaondoka. Mwaka huo hakununua pai.